Moto Ulibaki wa Bluu

Nilikuwa nimechoka hata kabla gari lile halijaingia kwangu. Nasema hili mapema, si kwa kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa. Oktoba ya Mpanda inamchosha mtu hata akiwa amekaa kitako. Vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, jua linaanza kazi saa moja asubuhi, na mimi, Leodgar fundi wa mafriji, nilikuwa na miaka hamsini na sita, kiuno kibovu, na friji saba kwenye kibanda changu cha Shanwe ambazo wenyewe hawakuwa na haraka ya kuzifuata, wala mimi sikuwa na gesi ya kuzijaza.

Gesi ndiyo ilikuwa maradhi ya mwaka ule wa tisini na sita. Ile ya zamani, tuliyoiita kumi na mbili, ya kwenye mtungi mweupe, ilikuwa imepigwa marufuku huko ilikotengenezwa. Walisema inatoboa anga. Mimi nilikuwa nimeifanyia kazi miaka thelathini na mbili na sikuwahi kuona tundu lolote huko juu, lakini hakuna aliyeniuliza. Kila nilipoagiza Tabora jibu lilikuwa moja: hakuna, chukua hii mpya. Na hiyo mpya ilikuwa ghali, tena ilikuja kwenye vikopo kama maziwa ya mtoto.

Jumanne moja Venant alileta Peugeot yake. Venant ni kijana wa Katumba. Wazazi wake walitoka naye Burundi akiwa mgongoni, na gari hilo la kukodisha alilinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Alikuja na Matilda, anayeuza vitenge sokoni, binti wa mzee Machibya. Matilda alibeba mfuko wenye makopo matano ya gesi mpya, yaliyoletwa na treni kutoka kwa binamu yake wa Dar.

"Fundi," akasema baada ya salamu, "AC ya hili gari inatakiwa ifanye kazi Jumamosi. Jumamosi moja tu. Ikifa Jumapili, shauri yake."

Nilicheka. Mwenye gari Mpanda anatafuta tairi, anatafuta springi, anatafuta mafuta. Anayetafuta baridi nilikuwa sijamwona. Matilda hakucheka, akakaa juu ya friji mojawapo akanieleza.

Baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi zamani, tangu ujana wake mpaka mgodi ulipofungwa. Mgodi ulifungwa lakini vumbi lake lilibaki kifuani mwake. Mwezi wa saba alipanda lori kwenda msibani, akarudi anabebwa, akalala hospitali siku kumi na moja anapumua kwa mpira. Daktari alisema vumbi jingine kama lile litakuwa la mwisho. Akiingia garini, vioo vifungwe. Lakini kufunga vioo mchana wa Oktoba ni kumchemsha mtu, na kifua kile hakikuweza joto pia.

"Basi si abaki nyumbani," nikasema.

"Hawezi kubaki."

Kaka yake Matilda, Masele, aliondoka na ng'ombe wote kwenda Mpimbwe mwaka wa themanini na tano kutafuta malisho. Aliondoka wiki ile ile waliyomzika mama yao. Mzee Machibya akasimama mbele ya waombolezaji akamwambia, kwa mdomo wake, wewe huna baba. Miaka kumi na moja hawakuonana. Sasa binti mkubwa wa Masele alikuwa anaolewa, na Jumamosi ng'ombe wa mahari wangeletwa nyumbani kwake, nje kidogo ya Kibaoni. Masele alituma ujumbe: ng'ombe hawataingia zizini mpaka baba aje awapokee. Na kwao Wasukuma, neno baya lililosemwa mbele za watu halifutwi kwa barua wala kwa mjumbe. Linafutwa na mdomo uliolisema, mbele za watu.

"Kwa hiyo si kufika tu, fundi," Matilda akasema. "Anatakiwa afike na pumzi ya kuongea."

Niliuliza kuhusu usiku, kukiwa na ubaridi. Alinitazama kama mtu asiyetaka kupoteza muda. Usiku kwenye barabara ya Kibaoni, inayokatiza mbuga ya wanyama, hakuna dereva mwenye akili anayepita, na Venant alikuwa na akili. Nikapokea makopo.

Kazi ilinichukua siku mbili, kwa sababu umeme wa mji ulikuja ulipotaka. Nilimwaga oili ya zamani kwenye kompresa, nikabadilisha chujio, nikanyonya hewa yote kwa pampu yangu niliyoitengeneza kwa kompresa ya friji iliyokufa. Makopo yalikuja na karatasi ya maelezo, mistari mingi ya Kiingereza. Niliangalia michoro tu. Baada ya miaka thelathini na mbili mtu anaona aibu kuomba kusomewa.

Alhamisi asubuhi niliingiza makopo matatu. Baridi ikatoka, baridi ya kweli, mpaka Venant akachomeka uso wake kwenye tundu la dashibodi na kukataa kutoka. Halafu nikaleta taa.

Taa hiyo niipe heshima yake. Ni ya spiriti, ya shaba, ndogo kuliko birika la chai, na ina mpira mwembamba unaovuta hewa. Aliyenifundisha kazi katika karakana ya reli Tabora alinipa siku aliyostaafu. Unaiwasha, moto unakaa wa bluu. Unapitisha mdomo wa mpira kwenye kila kiungo. Gesi ikiwa inavuja, hata kidogo kama pumzi ya mende, moto unageuka kijani. Na mimi nilikuwa na utaratibu wangu, watu wote wa Mpanda wanaujua: simkabidhi mtu kazi mpaka aje asimame aone moto kwa macho yake. Sina risiti wala mhuri. Nakuuliza umeona rangi gani, unasema bluu, nakupa mkono, basi. Hakuna aliyewahi kurudi na malalamiko baada ya kuona bluu.

Nilimwita Matilda. Nikapitisha mpira kiungo kwa kiungo, polepole.

"Umeona rangi gani?"

"Bluu."

Nikampa mkono. Alishukuru mpaka nikaona haya, na saa sita mchana akapanda lori la mahindi kwenda Kibaoni kusaidia mapishi. Alimwachia Venant kazi ya kumleta baba yake. Aliondoka na amani kwa sababu ya ile bluu.

Ijumaa asubuhi Venant alirudi. Alisema tangu jioni AC inatoa hewa ya kawaida. Nikafunga geji ya presha. Sindano haikusogea hata kidogo. Ndani hakukuwa na kitu.

Nilimtukana Venant. Sitaficha. Nilimwambia amechezea valvu kuwaonyesha marafiki zake, kwamba vijana wa siku hizi mkiachiwa kitu hamtulii, kwamba moto ulikuwa wa bluu na Matilda ni shahidi. Niliongea mengi. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, sijafungua hata boneti," akasema. "Ningefungua ili iweje? Mimi mwenyewe nilitaka hiyo baridi."

Nilibaki na makopo mawili. Niliingiza nusu ya kopo ili mabomba yapate presha, nikawasha taa, nikaanza upya. Bluu, bluu, bluu kila mahali. Nikainama kuangalia nyuma ya kompresa na hapo nikasikia kwa sikio langu, ssss, kidogo sana. Nikaweka mdomo wa mpira pale pale penye sauti. Moto ulibaki wa bluu.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kuwaza kulifanya. Nilichukua kopo lenye nusu, nikalifungua kidogo, nikapuliza gesi yenyewe ndani ya mpira wa taa. Ingekuwa ile ya zamani, moto ungeruka kijani kama jani la mgomba. Ulitikisika tu kwa upepo, ukatulia, ukawaka bluu yake.

Nilikaa chini. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mke wake wa miaka thelathini haoni, na alikuwa anaitikia tu kwa mazoea. Taa haikuijua gesi mpya. Mimi niliweka mkono wangu mkononi mwa Matilda juu ya kitu nisichokijua, na makopo matatu yameenda na upepo. Baadaye nilimpelekea mwalimu wa sekondari ile karatasi, akanisomea. Mstari wa sita ulisema usitumie taa ya moto, haitaonyesha kitu. Mstari wa sita tu.

Mke wangu Prisila alikuwa anaosha vyombo uani. Alinikuta nimekaa chini.

"Baba Josefina, unaumwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza, akaenda, akarudi na bakuli la povu la sabuni na brashi ya kunyolea. Alisema nipake nione patakapofanya mapovu, kama tunavyotafuta pancha ya baiskeli. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningeweza kukasirika na kupata nafuu.

Povu lilionyesha yote kwa dakika kumi. Oringi tatu za zamani, pete za mpira za kwenye viungo, zilikuwa zinapitisha, hizo nilizibadilisha. Na pua ya kompresa, pale shafti inapotokea, ilivuja kwenye sili yake, mpira unaoziba shafti. Hiyo sikuwa na ya kubadilisha, wala Mpanda nzima haikuwa nayo, wala Tabora. Ikisimama inavuja taratibu, ikizunguka inavuja zaidi. Niliacha kopo moja na kile kilichobaki kwenye lile lingine, nitie asubuhi ya safari. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi, kwa masaa mawili, labda matatu. Kibaoni ni masaa saba.

Njia rahisi ilikuwepo na niliiona vizuri. Asubuhi ningetia gesi, baridi ingetoka, ningewasha taa, mzee angeona bluu, ningempa mkono. Mbele ya safari ikizimika, magari ya zamani ndivyo yalivyo. Niliitazama njia hiyo kwa muda kuliko ninavyopenda kukiri. Saa kumi na moja jioni nikavaa shati safi nikaenda kwa mzee Machibya.

Alikuwa amekaa ukumbini juu ya kigoda, mabega juu, kama watu wa kifua wanavyokaa. Koti la safari lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni. Nilimweleza yote: taa, makopo matatu, sili, masaa mawili. Nilimwambia asiende. Alikuwa anapumua katikati ya kila maneno mawili matatu, kwa hiyo alichelewa kunijibu.

"Kule chini mgodini," akasema, "msimamizi alitangulia na taa. Moto ukisimama wima, anasema hewa nzuri, ingieni. Ukififia, tunatoka mbio." Akapumzika. "Miaka tisa nimeingia. Kila siku moto umesimama wima." Akaweka kiganja kifuani. "Moto ule haukuona vumbi. Ulikuwa haujafundishwa vumbi."

Nilivuta kigoda kingine nikakaa.

"Hayo masaa mawili yatanifikisha wapi, Mfipa?"

"Tukibahatika, kuvuka mbuga."

"Basi tutavuka mbuga. Huko mbele nitajua mwenyewe." Akanitazama. "Na wewe unakuja. Usidhani unanipa habari mbaya halafu unaenda kulala."

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimetia gesi iliyobaki, nimeziba matundu ya sakafu kwa matambara na gundi, vioo vimefungwa, mzee mbele, mimi nyuma na bakuli la povu na spana zangu, ingawa nilijua kabisa kwamba spana hazitakuwa na kazi. Nilimwambia Venant asiwashe AC mpaka joto litushinde. Tulifika Sitalike saa mbili, tukavuka daraja, viboko wamelala kwenye tope lililobaki la mto kama magunia. Mzee alikuwa ameanza kutoa jasho shingoni. Nikasema, washa.

Baridi ikaja. Haikuwa ya Alhamisi, ilikuwa nusu yake, lakini ilikuja. Mzee Machibya alisogeza uso kwenye tundu, akafumba macho, na baada ya muda nikaona mabega yake yanashuka. Sijui kama niliwahi kuona mabega yake yakiwa chini. Nje mbung'o walikuwa wanagonga vioo, na vumbi letu wenyewe lilisimama nyuma yetu refu kama ukuta. Ndani kulikuwa kimya na kupoa.

Halafu akaanza kuongea. Alikuwa anajaribu maneno yake. Aliongea Kisukuma, polepole, akakosea, akarudi mwanzo kama mtoto anayekariri. Mimi nimekaa Tabora miaka kumi na nne, Kinyamwezi ninacho na Kisukuma hakinipiti. Venant hakuelewa hata neno.

"Mzee anasema nini?" akaniuliza kwenye kioo.

"Anasali," nikamjibu. Niliona si mambo ya dereva.

Alisema hivi, nikiyaweka kwa Kiswahili: "Masele, mwanangu. Siku ile niliyokuambia huna baba, mimi ndiye niliyekuwa nimefiwa na akili. Ulikwenda kutafuta majani, nami nilitaka ubaki unitazame ninavyolia. Neno lile nalitapika hapa, watu hawa waone. Wewe ni wangu tangu siku uliyozaliwa, hakuna siku hata moja uliyokuwa si wangu. Fungua zizi, ng'ombe waingie." Alirudia mara nne au tano. Mara ya mwisho alisema bila kukwama, kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo, sauti ya mtu mwenye kifua kizima. Kisha akageuka nyuma.

"Imekaa?"

"Imekaa, mzee."

Akacheka kidogo, akasinzia.

Hatukuwa tumemaliza mbuga. Niliisikia kwanza kwenye mkono wangu, hewa ikipoteza ukali, halafu ikawa hewa tu, halafu ikawa ya moto. Venant akasimamisha. Nikafungua boneti na mbung'o wakanivamia shingoni. Oili ilikuwa imeruka kuzunguka pua yote ya kompresa. Bomba la kurudi, ambalo linapaswa kutoa jasho la baridi, lilikuwa la moto kama sufuria. Nilisimama pale na bakuli la povu mkononi. Sikuwa na kopo, sikuwa na sili, sikuwa na chochote. Nilirudi ndani nikasema imekwisha, mzee, na yeye akaonyesha kwa kidole: mbele.

Yaliyofuata yalichukua karibu masaa matatu na sitayaeleza yote. Tuliacha vioo vimefungwa mpaka akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, midomo ikabadilika rangi. Venant alilowesha shati lake kwa maji ya kunywa tukamfunika kichwani. Tulikuta lori la magunia mbele yetu, halikutupisha, na vumbi lake lilikuwa jekundu hatuoni barabara. Venant alitaka kusimama tusubiri litulie. Mzee akatikisa kichwa; wakwe wakiona jua limepinda wangeswaga ng'ombe wao kurudi kwao. Akagusa kioo kwa kucha, akanitazama. Alitaka hewa. Nilijua hewa ile ina nini ndani yake na yeye alijua kuliko mimi. Nilinyoosha mkono kutoka nyuma nikashusha kioo mimi mwenyewe.

Tulifika kwa Masele saa nane kasoro. Ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya zizi, wachungaji wa wakwe wameegemea fimbo zao, watu wengi kwenye kivuli cha maturubai. Matilda alikuja mbio, akaona vioo viko chini, akaona uso wa baba yake wenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alinitazama tu, na ningependa kuliko yote anipige.

Mzee alikataa kubebwa. Alivaa koti lake juu ya shati lililolowa, akatembea kati yangu na Venant mpaka langoni mwa zizi. Masele alikuwa amesimama hapo, mrefu, mvi zimeanza, fimbo mkononi. Alipiga goti moja. Watu wote wakasogea karibu, hata watoto.

Mzee Machibya akafungua mdomo. Niliona maneno yanakuja, nilikuwa nayajua, nilijua la kwanza ni jina. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, akakohoa, akakohoa kwa muda mrefu, na baada ya kukohoa midomo yake iliendelea kusogea bila sauti yoyote. Alisema yote. Niliyafuata kwenye midomo yake mpaka mwisho, mpaka fungua zizi. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kujua ni nini.

Masele alisubiri. Halafu akasema kwa nguvu, watu wote wasikie:

"Nimesikia, baba."

Akasimama, akavuta miti ya lango, ng'ombe wakaingia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee alikuwa amenishika mkono, na nilihisi uzito wake wote unaniangukia.

Walimpeleka zahanati na gari lile lile. Sisi tulirudi Mpanda Jumapili, mimi na Venant, na njiani nilimwomba msamaha kwa yale ya Ijumaa, akasema yamepita. Jumanne habari zikaja na lori. Mzee Machibya alikuwa amefariki Jumatatu alfajiri. Sauti haikurudi.

Sikwenda kwenye mazishi. Nilijiambia Masele amesema amesikia, basi jambo limekwisha, mimi nikitokeza pale nitakuwa nawakumbusha watu vioo vya gari. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa macho ya Matilda. Taa niliiweka juu ya kabati. Watu walileta kazi zao, nikawa napaka povu, na waliponiuliza mbona hatuoni moto nilisema spiriti imekwisha.

Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, mtu alisimama mlangoni kwangu na buti za mpira zimejaa tope. Alikuwa Masele. Nilimpa kiti, akakaa, akatazama mafriji yangu moja moja.

"Pale langoni sikusikia kitu," akasema. "Nilisema vile kwa ajili ya watu. Na kwa ajili yake."

Niliweka brashi ya povu chini.

"Nimemuuliza dereva kama mzee alisema lolote njiani. Ananiambia alikuwa anasali." Akageuka kunitazama. "Baba yangu hakuwahi kusali hata siku moja. Anasema wewe ndiye uliyemwambia hivyo."

Kwanza nilimweleza habari ya taa. Nilitaka ajue anaongea na nani kabla sijafungua mdomo kwa mengine. Nilimwambia makopo matatu, mstari wa sita, sili, kioo nilichokishusha kwa mkono wangu. Alisikiliza bila kubadilika uso. Halafu nikamwambia maneno ya baba yake, kwa Kisukuma changu kibovu, tangu jina lake mpaka ng'ombe waingie, na sikuruka kitu.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliweka mikono katikati ya magoti.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alisema hivyo hivyo? Bila kukwama?"

"Mara ya mwisho, bila kukwama."

Alipangusa uso kwa kiganja kikubwa chenye tope. "Na sauti? Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzuri," nikamwambia. "Bado kulikuwa na baridi."